Hawezi Nini?

Nilipokuwa kidato cha pili kosa langu kubwa lilikuwa kuwa na mwandiko mzuri. Mwenye mwandiko mzuri shuleni hapumziki. Ratiba ya zamu anaandika yeye, majina ya wasiolipa ada anaandika yeye, na mahafali ya kidato cha nne yakikaribia, risala ya wahitimu anainakili yeye. Mtunzi wa risala mwaka ule alikuwa kaka mmoja mwenye Kiingereza cha kutafutia sifa. Alikuwa anatembea huku na huku darasani usiku, mikono nyuma, ananisomea imla, nami nahamisha maneno yake kwenye karatasi zisizo na mistari. Nakala mbili: moja ya msomaji, moja ya kukabidhiwa mgeni rasmi.

Akafika mahali pa kumsifu mgeni rasmi. Alichokusudia kusema ni kwamba huyu ni mgeni wetu muhimu kuliko wote, "our most important guest". Masikio yangu yakasikia yalichosikia, mkono ukaandika: "our most impotent guest", yaani mgeni wetu hanithi kuliko wote. Mara tatu. Mara ya tatu niliiandika kwa herufi kubwa, maana ilikuwa kwenye aya ya kuomba mabati ya bweni.

Siku ya siku, msomaji alisoma vizuri tu. Aliyekuwa na shida ni mgeni rasmi, kwa sababu wageni rasmi wengine hufuatilia nakala yao kwa kalamu, na wetu alikuwa wa aina hiyo. Nilikuwa nimekaa karibu na meza kuu, kwenye kundi la wabeba maji, kwa hiyo niliona vizuri. Kalamu ilikuwa inateleza chini ya mistari, ikasimama. Ikarudi nyuma. Ikazungushia neno duara, polepole, kama mtu anayechora yai. Kisha akamsogezea karatasi mkuu wa shule. Mkuu wa shule alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena, akasoma tena. Wakati wa kujibu risala ulipofika, mgeni rasmi alisema kwa Kiswahili: "Humu nimeandikwa kwamba mimi ni mgeni wa namna fulani. Mama yupo hapa, muulizeni yeye." Walimu wakaangua kicheko. Wazazi nao wakacheka kwa kuwa walimu wamecheka. Mabati tuliahidiwa.

Jumatatu yake niliitwa na mwalimu wa Kiingereza, mama mmoja mpole wa sauti na mkali wa macho. Sikuchapwa. Aliniambia kwamba kwa wiki mbili, saa ya michezo, nitakuwa maktaba, na nisitoke humo mpaka nimemletea daftari lenye kila mahali lilipolala hilo neno. Maana zake zote, sentensi zake, ndugu zake. Nadhani alitaka kunichosha. Badala yake alinipa ugonjwa nilionao mpaka leo, wa kushika neno moja na kulifuata mpaka kwao. Kazi ya tafsiri inayonilisha ilianzia kwenye ile adhabu.

Nianze na masikio yangu, nijitetee. Sisi tunaozungumza Kiswahili mzigo wa sauti tunautua silabi ya pili kutoka mwisho, iwe jina la mtu, la dawa au la Mjapani. Mwingereza anayesema "impotent" anautua mwanzoni kabisa, im, halafu yanayofuata anayameza. Akisema "important" anautua katikati. Ile r ya katikati Mwingereza wa kusini haitamki, kwa hiyo kinachotenganisha maneno haya mawili mdomoni mwake ni mahali mzigo ulipotuliwa na irabu zilizobanwa au kuachiwa. Ukiyaleta kwetu, yote mawili yanatuliwa po, irabu zote zinasikika sawasawa, na unabaki na neno moja lenye maana mbili zisizoweza kukaa meza moja. Sijawahi kukutana na mwalimu wa Kiingereza wa nchi hii asiye na kisa cha mtu aliyemwita mwenziwe hanithi akidhani anamtukuza.

Kwa asili hayana udugu. La kwanza, "important", limetokana na Kilatini "importare", kuleta ndani, ndiyo maana wafanyabiashara wa bandarini nao wana "import" yao. La pili limetokana na "posse", yaani kuweza. Mwenye kuweza Waroma walimwita "potens". Weka kikanusho mbele, unapata "impotens": asiyeweza. Kwa hiyo ile im ya neno la kwanza ni "ndani", na ile im ya neno la pili ni "si" yetu kabisa, si ya siwezi. Hata "power" ya Kiingereza, nguvu, imetoka ukoo huohuo wa kuweza, ikapitia Ufaransa njiani ikabadilika sura.

Hapo ndipo niliposimama na kalamu yangu maktaba, kwa sababu nilikuwa nimeshawahi kuulizana na mtu kuhusu neno hilo. Nilikuwa na miaka saba.

Baba yangu alikuwa na kazi Morogoro, nasi tulikulia huko. Likizo moja nikapelekwa Pangani kwa wazazi wa mama. Asubuhi ya kwanza nikamkuta babu amejilaza kwenye kitanda cha kamba barazani, shuka mpaka shingoni, na jua limeshapanda. Nikamuuliza bibi kulikoni.

"Babu yako hawezi."

"Hawezi nini?"

"Hawezi."

"Hawezi kutembea?"

"Anatembea."

"Hawezi kula?"

"Atakula. Hawezi, we mtoto wa bara, hawezi! Shika huu uji umpelekee."

Nilipeleka uji nikiwa na hasira, nikidhani nafichwa jambo. Ilichukua siku kadhaa kuelewa kwamba kwa wazee wa pwani "hawezi" ni habari kamili. Hawezi maana yake anaumwa. Unamuuliza mtu "hujambo?", akiwa mzima anajibu "sijambo", na akiwa na homa anajibu "siwezi". Unaweza kuongeza anachougua: hawezi homa, hawezi tumbo. Lakini si lazima. Kitenzi kimesimama peke yake kama nguzo, hakingoji kitu cha kukikamilisha. Wamishonari waliotunga vitabu vya kwanza vya sarufi ya Kiswahili katika karne ya 19 walikiona wakakiandika hivyohivyo. Leo Dar es Salaam ukimwambia kijana "siwezi" atakuuliza swali langu lilelile la Morogoro.

Sasa rudi kwenye Kiingereza. Neno "impotent" liliingia humo mwishoni mwa karne ya 14 kupitia Kifaransa, na maana yake ya mwanzo ilikuwa hiyo ya bibi yangu: dhaifu wa mwili, mgonjwa, asiye na nguvu za kusimama. Nilikuwa mtoto wa madrasa, ila maktaba yetu ilikuwa na Biblia ya Kiingereza cha zamani, ile ya mfalme James iliyotoka 1611, nikaanza kuipekua kwa ajili ya adhabu. Katika Yohana sura ya 5, pale kwenye birika la Bethzatha, imeandikwa kwamba walilala "impotent folk" wengi mno, vipofu, viwete, waliopooza. Biblia ya Kiswahili ya Union Version mahali pale inasema "wagonjwa" tu. Na katika Matendo ya Mitume sura ya 14 kuna mtu wa Listra ambaye kwa Kiingereza hicho alikuwa "impotent" wa miguu. Kiswahili kinamwita "dhaifu wa miguu". Niliandika kwenye daftari langu, kwa wino wa bluu na mstari mwekundu chini: wa miguu. Ilinishangaza kwamba neno lililoniletea balaa lingeweza kumhusu mtu na miguu yake, mchana kweupe, kanisani, mbele ya watoto.

Yule mgonjwa wa Bethzatha mwenyewe nimerudi kwake mara nyingi tangu hapo. Ana miaka 38 ya ugonjwa. Anaulizwa kama anataka kuwa mzima, na badala ya kujibu ndiyo, anasema hana mtu wa kumtia birikani maji yanapotibuliwa. Hasemi miguu yangu mibovu. Anasema sina mtu. Nikiwa na sentensi ya Kiingereza mbele yangu yenye neno hili, na sijui niipeleke wapi, swali la kwanza ninalojiuliza limetoka pale: huyu hawezi kwa sababu ya mwili wake, au hawezi kwa kuwa hana mtu?

Miaka 10 kabla ya Biblia ile kuchapishwa, bunge la Uingereza lilikuwa limeshaliweka neno hili kwenye sheria. Sheria ya maskini ya 1601, wakati wa malkia Elizabeth wa Kwanza, iliagiza kila parokia iwe na waangalizi wa maskini, wakusanye kodi kwa wenye mali, wawasaidie watu iliowataja kwa mpangilio huu: vilema, "impotent", wazee, vipofu na wengine wa aina yao walio maskini na wasioweza kufanya kazi. Wanahistoria wa Kiingereza mpaka leo wanawaita "the impotent poor". Upande wa pili walikuwa maskini wenye mwili mzima, ambao sheria iliwataka wafanyishwe kazi, na wazururaji wenye nguvu zao, ambao zama zile walikuwa wanachapwa viboko. Kwa hiyo fikiria mtu wa kijiji cha Uingereza cha wakati ule. Kuitwa "impotent" hakukuwa tusi. Ilikuwa hati. Aliyelipata neno hilo alipata mkate, na aliyelikosa alipata kazi ya lazima au kiboko. Ile sheria ilibadilishwa sana 1834, watu wakaanza kuswekwa kwenye nyumba za kazi, na mfumo wenyewe ukaja kufutwa 1948.

Mfasiri wa Kiswahili hapo hana hata haja ya kukuna kichwa. Tuna neno, na tunalitumia kila siku: wasiojiweza. Serikali ya Tanzania ina makazi ya wazee na wasiojiweza, Kolandoto kule Shinyanga, Bukumbi kule Misungwi, Fungafunga pale Morogoro mjini, ambapo nikiwa mdogo tulikuwa tunapelekwa na shule kugawa sabuni na sukari na kuimba. Wazee walikuwa wanatusikiliza kwa adabu kubwa kuliko uimbaji wenyewe ulivyostahili. Ukitazama neno lenyewe, lina kitu ambacho Kiingereza hakina: ile ji. Asiyejiweza. Anayetakiwa kuwezwa ni yeye mwenyewe, na yeye mwenyewe ndiye anayemshinda. Ndiyo maana neno hilohilo linamtosha mzee wa Kolandoto, mtoto mchanga, na mlevi aliyeanguka mtaroni saa nane za usiku. Amelewa hajiwezi. Polisi wa Uingereza nao mlevi wa namna hiyo wana jina lake, wanasema "drunk and incapable", na sijui tafsiri ya kisheria iliyo karibu na ya mtaani kuliko hiyo.

Waroma, kwa njia, walikuwa wameiona hiyo ji pia. Kwao "impotens" aliweza kuwa mnyonge, lakini aliweza vilevile kuwa jabari mwenye hasira zisizo na breki, mtu asiyeweza kujizuia. Mwenye nguvu nyingi kwa wengine na hana hata chembe kwa nafsi yake. Kiingereza cha leo kimeipoteza maana hiyo. Naona hasara.

Shakespeare analitumia kwa namna zaidi ya moja. Katika Hamlet kuna mfalme mzee wa Norwei aliye "impotent" na wa kitandani, hajui mpwawe anapanga nini, na hapo ni ugonjwa wa bibi yangu mtupu. Katika Othello, Desdemona anamsikiliza Iago akitunga mashairi ya kejeli kuhusu wanawake, na lilipofika mwisho wake shairi likaishia pabaya, akalikejeli kwamba ni hitimisho kiwete na "impotent". Hitimisho! Neno limeshatoka mwilini, limekwenda kwenye kazi za watu. Ndiyo matumizi ambayo mwandishi wa Kiingereza cha juu anayapenda mpaka sasa: kitu kilichojengwa kifanye kazi, kikafika kwenye kazi, kikashindwa.

Mfano ninaoutumia nikifundisha vijana wanaoanza tafsiri ni wa Ushirika wa Mataifa, ule uliokuwepo kabla ya Umoja wa Mataifa. Oktoba 1935 Italia iliivamia Ethiopia. Ushirika ulikaa, ukalaani, ukaweka vikwazo vya biashara, lakini mafuta hayakuwekwa kwenye orodha, na mfereji wa Suez ukaachwa wazi kwa meli za Mussolini. Mei 1936 Addis Ababa ikaanguka. Tarehe 30 Juni mwaka ule Haile Selassie akasimama mwenyewe Geneva mbele ya wajumbe, na waandishi wa habari wa Kiitaliano wakampigia miluzi kabla hajafungua mdomo. Vitabu vya historia vya Kiingereza vinauita Ushirika ule "impotent", na hapo neno limekaa kwenye kiti chake. Haukuwa mjinga. Haukuwa mvivu, vikao ulifanya. Ulikuwa na nguvu kwenye karatasi, na waliokuwa na ufunguo wa nguvu hizo, Uingereza na Ufaransa, hawakutaka kuugeuza.

Ndiyo tofauti yake na "inept". Huyo wa pili ni asiyejua kazi, fundi wa kubabaisha, anayekuchomelea geti likafungukia ndani ya ukuta. Ukimpa vifaa zaidi atakuharibia zaidi. "Incapable" nalo limetokana na neno la kuchukua, kama chombo kinavyochukua maji: halichukui, halina nafasi hiyo ndani yake. "Powerless" ni mnyonge wa kawaida, yule ambaye methali imekwisha kumhukumu kwamba hana haki. Lakini "impotent" linabeba aibu fulani, kwa sababu linamhusu aliyetarajiwa kuweza. Punda hawezi kuruka, na hakuna Mwingereza atakayemwita "impotent" kwa hilo. Jeshi lisiloweza kulinda mpaka, sawa. Tume iliyoundwa kwa mbwembwe na haiwezi kumwita mtu yeyote kuhojiwa, sawa, na magazeti yetu hapo yanasema chombo kisicho na meno, tafsiri ambayo siioni kasoro.

Kuna msemo ambao ukisoma Kiingereza utakutana nao bila kuutafuta, "impotent rage", hasira za asiyeweza. Kijana mmoja aliniletea tafsiri yake: "hasira hanithi". Nilimwomba asirudie, kisha nikacheka peke yangu mpaka jioni, nikakumbuka mabati. Kiswahili hakikosi cha kusema hapo. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, tumemaliza. Au hasira za mkizi, furaha ya mvuvi, ambayo ni kali zaidi, maana mkizi anaruka kwa ghadhabu na kutua ndani ya ngalawa. Hasira yake si kwamba haikumfaa tu, imemlipia mvuvi nauli. Nikitafsiri riwaya na mhusika yuko kwenye foleni ya ofisi anatetemeka na hana la kufanya, mara nyingi naacha kivumishi kabisa naandika "alifura, basi". Hiyo basi inatosha.

Sasa twende chumbani, maana najua wengine mmekuwa mnasubiri tangu aya ya pili. Maana ya kitandani ilikuwepo kwenye Kiingereza tangu karne ya 15, ikaishi na ndugu zake kwa amani, halafu polepole ikawafukuza nyumbani. Leo ukisema mwanamume fulani ni "impotent" bila kuongeza lolote, umeshasema hilo, hata kama ulikuwa unazungumzia kikao cha kamati. Madaktari wenyewe walilichoka neno. Desemba 1992 taasisi ya taifa ya afya ya Marekani iliitisha mkutano wa wataalamu, wakapendekeza liachwe, litumike jina linaloeleza kwa upole kwamba kiungo hakifanyi kazi yake, kwa hoja kwamba neno la zamani lina dharau na halisemi jambo kwa usahihi. Kitu kimoja katika mwili kilikuwa kinagoma, na lugha ilikuwa inamtangaza mtu mzima, kutoka unyayo mpaka utosi, kuwa ni asiyeweza. Kidonge cha bluu, Viagra, kiliidhinishwa huko Marekani 1998, na tangu hapo hata matangazo yao yanatumia herufi mbili tu za kifupi cha jina hilo jipya, ED.

Sisi tulikuwa na hanithi, la Kiarabu, kutoka mzizi wa kulegea na kujikunja, na limezeeka na kuwa tusi ambalo ukilitamka kijiweni lazima ujue unakimbilia wapi. Kwa hiyo redio, hospitali na mganga wa kienyeji wote wamehamia kwenye "upungufu wa nguvu za kiume". Nenda Kariakoo, nenda Buguruni, kila nguzo ya umeme ina karatasi yenye namba ya simu na maneno hayo, pamoja na mkuyati na vumbi la Kongo. Muuza supu ya pweza jioni hana haja hata ya karatasi, anakukonyeza tu. Na mtaani wanasema jogoo hapandi mtungi, ambayo kwa ushairi inawashinda wataalamu wote wa 1992. Angalia lakini: upungufu. Kitu kimepungua, kinaweza kuongezwa. Hakuna aliyetangazwa kuwa si mtu.

Sheria yetu ya ndoa ya 1971 nayo ilipita kwa uangalifu. Inaposema ndoa inaweza kubatilishwa kwa kuwa mmoja alikuwa hawezi kuikamilisha kwa tendo, Kiingereza chake kinatumia "incapable", na kinasema mmoja wao, mume au mke, sio mume peke yake. Waandishi wa sheria ni watu wa kuheshimiwa kwa mambo kama haya. Wanajua kwamba ukiandika hawezi lazima uandike hawezi nini.

Na hapo ndipo mimi na bibi yangu tunapokosana na kupatana. Kikazi niko upande wa sheria. Neno "impotent" ukilitumia kwa Kiingereza cha heshima, lifuatishe kitu: "impotent to stop the flood", hakuweza kuzuia mafuriko, "impotent against", mbele ya fulani. Ukiliacha wazi, msomaji atalijaza mwenyewe, na anakojazia unajua. Kwa Kiswahili vilevile, kivumishi kimoja cha Kiingereza huku kinageuka kitenzi, na kitenzi kinakudai: nani, lini, nini. Aliyeshindwa si sawa na asiyeweza. Ukisema "nimeshindwa kuja", umesema kwa kweli kwamba kuna kitu kilichokushinda njiani, mvua, nauli, mgonjwa, na hicho ndicho mshindi. Lugha imekuvua lawama bila wewe kuomba.

Lakini nikisikiliza jinsi watu wanavyosema, naona ile "hawezi" ya bibi, isiyo na mkia, haijafa kama nilivyodhani. Mungu tunamwita Muweza. Muweza wa nini? Wa yote, lakini wazee wanasema Muweza tu na wanaendelea na safari. Jina la Abdulkadir lina maana hiyohiyo kwa Kiarabu, mja wa Muweza. Wanawake wakiwezeshwa, wanaweza: limeandikwa kwenye fulana na kanga nchi nzima, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza wanaweza nini. Mama akimaliza maneno kwa mtoto mtundu anasema "simuwezi huyu", na sauti yake nusu ina fahari. Na bibi mwenyewe, ukimpa habari ya msiba wa ghafla, alikuwa anapiga paja na kusema "Lahaula!", kipande cha dua inayosema kwamba hakuna hila wala nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Alikuwa anaisema kwa kila kitu, msiba na bei ya nazi.

Nilimaliza adhabu yangu, daftari likawa na kurasa 31. Mwalimu akalisoma lote akaweka tiki moja mwishoni, ndogo. Likizo ya Desemba nikaenda Pangani. Babu alikuwa ameshafariki miaka miwili nyuma. Bibi alikuwa anakuna nazi, mimi nimekaa kwenye kizingiti, nikamsimulia kisa chote cha mahafali, kalamu, duara, miwani na tai, kwa sababu nilitaka acheke. Bibi zetu wanatuita waume zao, hapana utani usioruhusiwa. Akasikiliza bila kuacha kukuna.

"Na hilo neno ulilomwandikia mgeni, mume wangu, maana yake nini?"

Utani au si utani, ulimi ukawa mzito. Nikatafuta neno la adabu. Nikasema, "Maana yake hawezi, bibi."

Mkono ukasimama juu ya mbuzi ya nazi.

"Lahaula! Mtu hawezi, nanyi mkamwalika akakae juani? Uji mlimpa?"